Fomu inasema "imetumwa", barua haifiki: kupanga utumaji wa barua pepe kwenye WordPress

Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni hapa Kigoma alinipigia simu miezi mitatu baada ya mimi kumkabidhi tovuti yake. "Mwanangu, ile fomu ya kuweka nafasi ni pambo?" Nikafungua tovuti nikiwa naye kwenye simu, nikajaza fomu, nikabofya. Maandishi ya kijani yakatokea: asante, ujumbe wako umetumwa. Nikamwambia, mama, mbona inafanya kazi. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Haya, huo uliotuma sasa hivi uko wapi?"

Haukuwapo. Tukatafuta kwenye kikasha, tukatafuta kwenye barua taka, hakuna. Miezi mitatu ya watu waliotaka chumba cha kulala kabla ya kupanda boti kwenda Hifadhi ya Gombe ilikuwa imeyeyuka, na kosa lilikuwa langu. Siku ya kukabidhi kazi nilijaribu fomu, nikaona kijani, nikachukua pesa yangu nikaondoka.

Kuna watakaosema weka namba ya WhatsApp, achana na barua pepe. Kwa mteja wa hapa mjini, wa Mwanga au Ujiji, ni sawa kabisa. Lakini Gombe haina barabara, hufikiwa kwa boti tu, kwa hiyo mgeni anayetoka mbali hupanga usiku wake wa Kigoma wiki kadhaa mapema, na hupanga kwa barua pepe. Mashirika yanayohudumia wakimbizi mkoani nayo yakitaka bei ya vyumba kumi kwa semina huandika barua pepe. Tena hata kama huna mteja wa namna hiyo, siku utakaposahau nenosiri la tovuti yako, WordPress itakutumia kiungo cha kulibadilisha kwa barua pepe. Kisipofika, umefungiwa nje ya nyumba yako.

Kwanza elewa inapotelea wapi

WordPress haina posta yake. Ikitaka kutuma barua huita kitendaji kinachoitwa wp_mail(), ambacho hutumia maktaba ya PHPMailer, na usipoiambia vingine, PHPMailer huikabidhi barua kwa kitendaji cha kawaida cha PHP (lugha iliyotumika kuandika WordPress) cha kutuma barua kwenye seva ileile inayobeba tovuti. Hapo kazi ya WordPress imekwisha. Yale maandishi ya kijani maana yake ni kwamba seva imeipokea barua mkononi. Kama ilitoka, kama ilifika, kama ilitupwa njiani, WordPress haijui wala haiulizi.

Ni sawa na kumrushia konda kiroba cha ndagala dirishani basi likiwa linaondoka, bila stakabadhi, bila jina la mpokeaji kuandikwa ofisini. Konda amekipokea, ndiyo. Ukimpigia ndugu yako wa Tabora kesho yake akakwambia hajakiona, utamdai nani?

Tena barua hiyo huondoka na jina la mtumaji wordpress@ ikifuatiwa na domeini yako, yaani jina la tovuti yako mtandaoni. Anwani hiyo hakuna aliyewahi kuifungua. Na seva za bei nafuu huwa zimebeba mamia ya tovuti kwenye anwani moja ya IP, ile namba inayoitambulisha seva mtandaoni. Jirani yako mmoja akivamiwa na watuma matangazo ya ulaghai, anwani nzima inachafuka, na wewe umo humo. Kuanzia Februari 2024 Google na Yahoo walikaza zaidi: kila anayetuma kwao anatakiwa awe na uthibitisho kwamba domeini ni yake, na wanaotuma kwa wingi (kwa Google ni barua 5,000 au zaidi kwa siku) wana masharti mengine juu yake. Barua isiyo na uthibitisho hukataliwa mlangoni au hutupwa kwenye taka.

Kwa hiyo kazi iko sehemu mbili. Ya kwanza, tovuti itume kupitia sanduku halisi la barua lenye nenosiri, kwa njia ya SMTP, utaratibu wa kawaida wa kutuma barua pepe. Ya pili, domeini yako itangaze hadharani kwamba sanduku hilo ni lake. Mafundi wengi hufanya ya kwanza wakaacha ya pili, kisha wanashangaa.

Kabla hujagusa kitu

Hakikisha una uwezo wa kuingia sehemu tatu: dashibodi ya WordPress kama msimamizi, paneli ya wenye seva (kwa wengi ni cPanel), na mahali rekodi za DNS za domeini zinapohaririwa, yaani daftari la wazi linaloonyesha domeini inatumia seva zipi. Hii ya tatu ndiyo huangusha watu. Mara nyingi domeini ilisajiliwa na fundi wa kwanza kwa jina lake mwenyewe, fundi akahamia Mwanza, simu haipokelewi. Kama ni hivyo, acha mwongozo huu, kamalize suala hilo na aliyeuza domeini kwanza, kwa sababu bila DNS utafanya nusu ya kazi tu.

Hatua ya 1: chagua atakayebeba barua

Una njia tatu. Sanduku la barua kwenye domeini yako mwenyewe, ambalo wenye seva wengi hukupa ndani ya bei ya kuhifadhi tovuti. Akaunti ya Gmail, ambayo ya bure inakubali barua 500 kwa siku. Au huduma maalumu ya kutuma, kama Brevo, ambayo kwenye mpango wa bure inatoa barua 300 kwa siku.

Kwa nyumba ya wageni, duka la vitenge, shule au kikundi cha wauza mawese, barua kwa siku hazizidi ishirini. Chukua njia ya kwanza. Gmail ya bure haivutii kwa mtu mwenye domeini yake, maana barua itatoka na jina la gmail.com wakati mgeni alikuwa kwenye tovuti yenye jina lingine. Huduma maalumu ifikirie pale seva yako ina sifa mbaya, au unapouza mtandaoni na kila oda inazalisha barua tatu nne.

Hatua ya 2: fungua sanduku la tovuti peke yake

Ndani ya cPanel, sehemu ya akaunti za barua pepe, fungua anwani mpya. Nitatumia mfano.co.tz kama domeini ya mfano, kwa hiyo anwani iwe tovuti@mfano.co.tz. Usitumie ile ya bosi. Bosi akibadilisha simu atabadilisha nenosiri, na tovuti itakuwa bubu bila mtu kujua. Nenosiri liwe refu, lizalishwe na mashine, na liandikwe mahali salama, maana hakuna binadamu atakayelichapa kila siku.

Ukiwa umelazimika kutumia Gmail, nenosiri lako la kawaida halitakubaliwa. Washa kwanza uthibitishaji wa hatua mbili kwenye akaunti ya Google, kisha tengeneza nenosiri la programu, lenye herufi 16. Hilo ndilo utakalompa WordPress.

Hatua ya 3: plagini moja, si mbili

Nenda kwenye plagini, yaani programu ndogo za kuiongezea WordPress uwezo, tafuta FluentSMTP au WP Mail SMTP, sakinisha moja uiwashe. Zote zinafanya kazi vizuri. Mimi napenda FluentSMTP kwa sababu kumbukumbu za barua zilizotumwa ziko ndani bila kulipia. Ukikuta ipo nyingine ya aina hiyo iliyowekwa na fundi aliyekutangulia, izime kwanza, la sivyo mbili zitagombania wp_mail() na hutajua ipi imefanya nini.

Chagua aina ya SMTP ya kawaida, kisha jaza hivi:

Seva: mail.mfano.co.tz
Poti: 465
Usimbaji: SSL
Uthibitishaji: ndiyo
Jina la mtumiaji: tovuti@mfano.co.tz
Nenosiri: lile refu

Jina la mtumiaji ni anwani nzima pamoja na domeini, siyo neno "tovuti" peke yake. Hapo hukwama watu kila siku.

Kuhusu poti, zipo tatu utakazozisikia. Poti 25 ni ya seva kuzungumza na seva, na watoa huduma wengi wameifunga, iache. Poti 465 husimba mazungumzo tangu neno la kwanza. Poti 587 huanza wazi kisha hupanda kwenye usimbaji, na ukiitumia chagua TLS badala ya SSL. Ukichanganya, yaani 465 na TLS au 587 na SSL, ukurasa utazunguka mpaka uchoke kisha ukupe kosa la kushindwa kuunganika. Sasa kama kila kitu ni sahihi na bado inagoma kwa kulalamikia cheti cha usalama cha seva, angalia paneli ya wenye seva wameandika jina gani la seva ya barua. Mara nyingi cheti kimetolewa kwa jina la seva yao, si kwa mail.mfano.co.tz. Tumia hilo jina lao. Utasoma ushauri wa kuzima ukaguzi wa cheti. Usiufuate, utakuwa unatuma nenosiri bila kujua anayelipokea.

Anwani ya mtumaji iwe ileile tovuti@mfano.co.tz, na uweke tiki ya kulazimisha anwani hiyo itumike kwa barua zote, kwenye WP Mail SMTP imeandikwa "Force From Email". Jina la mtumaji liwe jina la biashara. Mgeni akiona barua kutoka kwa mtu anayeitwa "WordPress" ataifuta.

Wanaotumia WP Mail SMTP wanaweza kuliondoa nenosiri kwenye hifadhidata na kuliweka ndani ya faili la wp-config.php, juu ya ule mstari unaosema acha kuhariri:

define( 'WPMS_ON', true );
define( 'WPMS_SMTP_PASS', 'nenosiri-lako' );

Hifadhi, kisha tumia kitufe cha kutuma barua ya majaribio. Tuma kwenda Gmail, kwenda Yahoo au Outlook, na kwenda anwani nyingine ya domeini yako mwenyewe. Usiishie Gmail. Nitaeleza sababu mbele.

Hatua ya 4: rekodi tatu za DNS

Hapa ndipo penye uzito. Fikiria mzigo unaoshushwa mwaloni Kibirizi. Mpokeaji makini ana maswali matatu. Boti hili umeliruhusu kubeba mzigo wako? Gunia limeshonwa kwa uzi wako na lina alama yako, halijafunguliwa njiani? Na nikiona lisilo na alama, nilifanye nini? SPF inajibu la kwanza, DKIM la pili, DMARC la tatu.

SPF ni rekodi ya aina ya TXT, yaani ya maandishi, kwenye domeini yenyewe. Ikiwa barua zinatoka kwenye seva yako ya tovuti, hufanana na hivi:

v=spf1 a mx ip4:192.0.2.10 ~all

Namba hiyo ni ya mfano, weka IP ya seva yako. Ile ~all ya mwisho inasema wengine wote watiliwe shaka. Sasa sikiliza vizuri: domeini inaruhusiwa kuwa na rekodi moja tu ya SPF. Katika tovuti nilizoitiwa kurekebisha, kosa hili ndilo ninalolikuta kuliko yote. Fundi wa kwanza aliweka ya wenye seva, wa pili akaongeza ya Google chini yake, wa tatu akaongeza ya huduma ya matangazo. Zikiwa mbili, mpokeaji hachagui iliyo bora, anahesabu zote ni kosa, kana kwamba huna hata moja. Ziunganishe katika mstari mmoja:

v=spf1 a mx ip4:192.0.2.10 include:_spf.google.com ~all

Neno v=spf1 linaanza mara moja, ~all inamaliza mara moja, katikati panga unaowaruhusu. Usijaze kila jina ulilowahi kulisikia, kwa sababu kumtafuta kila mmoja kwenye DNS kuna kikomo cha mara 10, na include moja inaweza kula kadhaa.

DKIM ni sahihi ya kidijitali. Seva hutia sahihi kila barua kwa ufunguo wa siri, na ufunguo wa wazi hukaa kwenye DNS ili mpokeaji alinganishe. Huuandiki kwa mkono. Ndani ya cPanel fungua "Email Deliverability", itakuonyesha kilichopungua na kukutengenezea. Lakini hilo kufanyika lenyewe hutegemea DNS iwe palepale kwa wenye seva. Kama DNS yako iko Cloudflare au kwingine, cPanel itaandika upande wake na dunia haitaona. Nakili jina la rekodi, mara nyingi default._domainkey, pamoja na thamani yake yote, ukaibandike kule. Ufunguo wa biti 2048 ni mrefu kuliko herufi 255, ambazo ndizo kikomo cha kipande kimoja cha TXT, kwa hiyo paneli nyingine hudai uukate vipande viwili, kila kimoja kwenye alama zake za kunukuu. Nafasi moja iliyoingia katikati wakati wa kunakili kwa simu inatosha kuua sahihi. Fanya kazi hii kwenye kompyuta.

DMARC ni nyepesi. Rekodi ya TXT kwa jina _dmarc, ukianza hivi:

v=DMARC1; p=none; rua=mailto:ripoti@mfano.co.tz

Hiyo p=none inamwambia mpokeaji asichukue hatua, alete ripoti tu. Ripoti huja kama faili la XML lililobanwa, halisomeki kwa raha, lakini utaona nani anatuma kwa jina lako. Wiki kadhaa zikipita na barua zako zote zinapita, panda hadi p=quarantine, yaani zisizopita ziende kwenye taka. Ukirukia p=reject, yaani kataa kabisa, siku ya kwanza, unaweza kuzuia barua zako mwenyewe.

Baada ya kuhifadhi, subiri. cPanel kwa kawaida huweka muda wa sekunde 14400, yaani saa nne, ambao seva nyingine zinaweza kuendelea kushikilia jibu la zamani. Kunywa chai. Anayebadilisha rekodi kila dakika kumi kwa sababu "bado haijakubali" huishia kuharibu iliyokuwa sahihi.

Hatua ya 5: fomu yenyewe

Watu wanaona majaribio yamefaulu wanafunga kompyuta. Fomu ina mipangilio yake. Kwenye Contact Form 7, plagini ya fomu inayotumiwa na wengi, fungua kichupo cha barua, tazama sehemu ya mtumaji. Wengine huweka hapo anwani ya mgeni, yaani [your-email], wakifikiri ni busara ili wajibu moja kwa moja. Kumbe seva yako ya Kigoma inajifanya kuwa mtu wa yahoo.com, na Yahoo haijakuruhusu. Inakataliwa, na ni haki.

Mtumaji awe tovuti@mfano.co.tz. Kisha kwenye vichwa vya ziada weka:

Reply-To: [your-email]

Usiusahau mstari huu. Mama yule, wiki ya kwanza baada ya marekebisho, alijibu wageni wanne kwa upole mkubwa, na majibu yote yakarudi kwenye sanduku la tovuti yake mwenyewe.

Hatua ya 6: soma uthibitisho kwa macho yako

Fungua Gmail kwenye kompyuta, maana programu ya simu haina sehemu hii. Fungua barua ya majaribio, bofya nukta tatu, chagua "Show original". Juu utaona SPF, DKIM na DMARC, kila moja ikiwa na neno PASS. Zote tatu zikipita umemaliza upande huo. DKIM ikigoma peke yake, rudi kwenye ile nafasi iliyoingia katikati ya ufunguo.

Kosa la namba 535 ni nenosiri au jina la mtumiaji. 550-5.7.26 ni Gmail inakwambia domeini haina uthibitisho, rudi hatua ya 4. Kushindwa kuunganika kabisa ni poti, au ukuta wa moto wa wenye seva. Waandikie uwaulize poti gani imefunguliwa.

Sasa lile la kutuma kwenda domeini yako mwenyewe. Kuna shirika dogo lililohamishia barua zake Google Workspace, huduma ya Google kwa ofisi, tovuti ikabaki kwenye cPanel. Barua za fomu zilifika kwa kila mtu duniani isipokuwa kwa wao wenyewe. Seva ya tovuti ilikuwa bado inaamini sanduku la info@ liko kwake, kwa hiyo iliziweka ndani ya sanduku la zamani ambalo hakuna aliyelifungua tangu kuhama. Tuliwakuta wateja wamo humo wamepangana. Dawa yake ni dakika moja: ndani ya cPanel, "Email Routing", badilisha kutoka seva ya ndani kwenda seva ya mbali. Ila kwa shirika kama hilo, sanduku la tovuti nalo lifunguliwe Google, na SPF iwataje.

Kama tovuti yako haijajengwa kwa WordPress, wenye Joomla hawahitaji plagini. Mipangilio ya SMTP iko ndani ya usanidi mkuu, sehemu ya seva. Drupal inataka moduli ya ziada. Poti na rekodi za DNS hazibadiliki.

Kumbukumbu za plagini zipangie kujifuta baada ya siku 14 au 30. Zinahifadhi kila kilichoandikwa kwenye fomu, na fomu za nyumba za wageni hubeba majina, namba za simu, pengine na za pasipoti. Tangu Mei 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, na "nilisahau kufuta" si utetezi.

Mama sasa ana utaratibu wake. Kila Jumatatu asubuhi binti yake aliyeko Tabora hujaza fomu kwa simu, akiomba chumba cha mtu mmoja, jina anajitungia. Ikipita nusu saa barua haijaonekana, simu yangu inaita.